Meli ya Derbyshire: yaliyosemwa na yaliyokutwa chini ya bahari

Tarehe 9 Septemba 1980, meli ya Uingereza iitwayo Derbyshire ilituma ujumbe kwamba imekumbana na tufani, imesitisha safari kungoja bahari itulie, na inatumaini kufika Kawasaki, Japani, tarehe 14. Ilitoka Sept-Îles nchini Kanada ikiwa na tani zipatazo 157,000 za madini ya chuma. Baada ya hapo, kimya. Ndani yake walikuwamo watu 44: mabaharia 42 na wanawake wawili waliofuatana na waume zao. Hakuna aliyerudi.

Mpaka leo kisa hiki husimuliwa kama cha meli "iliyotoweka kimiujiza". Mimi neno hilo linanikera kidogo. Kilichotoweka ni kile kilichotafutwa kisipatikane, na Derbyshire ilikaa chini ya bahari karibu miaka 14 kabla mtu hajalipa gharama ya kwenda kuitazama.

"Meli kubwa namna ile haiwezi kuzama ghafla"

Hapa ndipo dhana nyingine zote zinapochipuka. Derbyshire ilikuwa na urefu wa karibu mita 294 (Titanic ilikuwa na mita 269), na haikuwa chakavu. Ilimalizwa kujengwa mwaka 1976. Lakini ilikuwa meli ya shehena ya kichele, mzigo unaomiminwa ghalani bila gunia wala kontena. Ukifika bandari ya Mtwara leo, meli zinazopakia makaa ya mawe kutoka Ruvuma ni za jamaa hiyo hiyo, ingawa ni ndogo kwa Derbyshire.

Sasa, madini ya chuma ni mazito kupita kiasi. Meli inafikia mwisho wa uzito inaoweza kubeba wakati maghala bado yana nafasi tupu kubwa juu ya mzigo. Nafasi hiyo haina madhara, mradi bahari isipate pa kuingilia.

Tufani ile, Kimbunga Orchid, iliitafutia bahari njia, na haikuanza na ghala. Kwenye sitaha ya mbele, omoni, kulikuwa na mabomba ya kupitishia hewa yaliyoshuka hadi stoo ya serahangi (msimamizi wa mabaharia wa sitahani) na vyumba jirani. Mawimbi yaliyavunja. Maji yakawa yanaingia humo saa baada ya saa, na omo likawa linashuka kidogo kidogo. Nahodha na wenzake walikuwa upande wa tezi, zaidi ya mita 200 nyuma, katika mvua, povu na giza. Omo likishuka kwa kiasi kidogo, kwa umbali ule na katika hali ile, hulioni.

Kadiri omo lilivyoinama ndivyo mawimbi yalivyopata nguvu ya kuuangukia mfuniko wa ghala namba 1. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 ulidai mifuniko ya mbele ihimili uzito wa tani 1.75 kwa kila mita ya mraba. Hayo ni maji ya kimo cha mtu mzima, basi, na bahari ya tufani humwaga mengi kuliko hayo. Mfuniko ukasalimu amri. Ghala la kwanza likajaa, meli ikainama zaidi, mfuniko wa pili ukafuata, kisha wa tatu. Kuanzia hapo ni suala la dakika.

"Haikuomba msaada, kwa hiyo kuna jambo linafichwa"

Anayesema hivi hajajiweka kwenye nafasi ya mtu wa redio. Usiku wa tufani, meli imeshaanza kuzama kichwa mbele, una dakika chache za kuelewa kinachotokea na kufikia mitambo. Mwaka 1980 meli hazikuwa na kile chombo kinachoelea chenyewe meli ikizama na kupeleka ishara kwenye setilaiti. Kimya kile kinatuonyesha jinsi mambo yalivyokwenda haraka.

"Haikuacha hata alama"

Iliacha. Ndege ya utafutaji iliona mafuta yakibubujika kutoka chini. Mwezi Oktoba meli ya mafuta ya Kijapani ilipishana na mashua tupu ya kuokolea maisha yenye jina la Derbyshire. Mabubujiko yale ya mafuta ndiyo yaliyosaidia kuchagua mahali pa kutafuta mwaka 1994, na mabaki yakapatikana kwenye kina cha zaidi ya kilomita 4. Safari hiyo haikulipiwa na serikali ya Uingereza. Iligharimiwa na ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, baada ya jamaa za marehemu kukataa kunyamaza.

"Ilichukuliwa na eneo kama lile la Bermuda"

Ilizama kusini mwa Japani, upande wa pili wa dunia. Tuendelee.

"Ilikatika kwa sababu ilijengwa vibaya"

Hii si porojo. Waliokuwa wakiiamini ni watu makini, wakiwamo wengi wa familia zenyewe. Meli ndugu za Derbyshire zilikuwa na nyufa karibu na fremu (ubavu wa chuma wa meli) namba 65, mbele kidogo ya nyumba ya mabaharia, na mwaka 1986 mojawapo, Kowloon Bridge, iliangamia pwani ya Ireland. Ajali hiyo ndiyo iliyoilazimisha serikali kufungua uchunguzi rasmi. Hata hivyo, safari za mwaka 1997 na 1998 zilipopiga picha 135,774 za mabaki, ushahidi ulielekea mbele ya meli, mbali na fremu 65. Vipande vilikuwa vingi na vimetawanyika kwa sababu nyingine: meli iliposhuka, uzito wa maji uliyabana matangi yaliyokuwa bado na hewa hadi yakapasuka. Familia zilikosea chanzo, lakini bila ubishi wao kusingekuwa na picha hata moja.

"Ni uzembe wa mabaharia"

Hili nalo liliandikwa na wataalamu. Ripoti ya mwaka 1998 ilidai kwamba kifuniko cha stoo ya serahangi hakikufungwa sawasawa, na maji yakapitia hapo. Hebu fikiria unamngojea ndugu yako miaka 18, kisha unaambiwa alijiua mwenyewe kwa kusahau kukaza komeo. Jaji Colman wa Uingereza aliposikiliza shauri upya mwaka 2000 alizikataa lawama hizo. Aliyataja mabomba ya hewa na mifuniko dhaifu.

"Yalikuwa maumbile tu"

Hitimisho la uchunguzi wa kwanza, mwaka 1989, lilikuwa kwamba meli huenda ilizidiwa na nguvu za maumbile. Kweli tufani ilikuwapo. Ni kama kumwambia aliyeezuliwa paa kwamba jana kulikuwa na upepo. Aliuona. Anataka kujua misumari ilikuwa ya inchi ngapi.

Siyo kila meli ina jibu. Cyclops ya Marekani iliondoka Barbados Machi 1918 na watu 306 na zaidi ya tani 10,000 za manganizi, na haijapatikana hadi leo. Lakini nayo ilikuwa na shehena nzito ya madini na injini moja iliyoharibika, mambo mawili ambayo wasimuliaji wa mashetani ya bahari huyaruka.

Tangu Julai 2004, kanuni za kimataifa zinataka meli za kichele ziwe na vihisi vya maji ndani ya maghala na katika vyumba vya omoni. Maji yakiingia stoo ya mbele, kengele inalia kule nyuma, kwa nahodha.