Wajibu wa usawa: nani afikiriwe kabla halmashauri ya Uingereza haijaamua

Ukijaza fomu za halmashauri nchini Uingereza, mara nyingi utakuta mwishoni ukurasa unaouliza umri wako, dini yako, asili yako na kama una ulemavu. Wapo wanaouruka kwa hofu kwamba majibu yatatumika kuwanyima huduma. Kujibu ni hiari, lakini hofu hiyo haina msingi, kwani taarifa hizo ndizo zinazoionyesha halmashauri ni nani anafikiwa na huduma zake na ni nani anaachwa nje.

Nyuma ya ukurasa huo kuna wajibu wa usawa wa taasisi za umma, uliomo katika kifungu cha 149 cha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Ulianza kutumika Aprili 2011 katika England, Wales na Scotland. Sheria inataja sifa 9 zinazolindwa: umri, ulemavu, kubadili jinsia, ndoa au muungano wa kiraia (uhusiano wa watu wawili unaotambuliwa kisheria bila kuwa ndoa), ujauzito na uzazi, rangi na asili, dini au imani, jinsia, na mwelekeo wa kimapenzi. Taasisi inapofanya kazi zake lazima izingatie ipasavyo mambo matatu: kukomesha ubaguzi, kukuza usawa wa fursa, na kujenga uhusiano mwema kati ya watu wenye sifa fulani na wasio nayo. Ndoa inaingia katika jambo la kwanza tu.

Usawa huo hauna maana ya kumtendea kila mtu vilevile. Kituo kikiamua kwamba miadi yote itachukuliwa kwa simu, utaratibu ni mmoja kwa wote, ila kiziwi amefungiwa mlango.

Chanzo cha wajibu huu ni kifo. Mwaka 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa London na wabaguzi wa rangi. Ripoti ya uchunguzi ya 1999 ilikuta ubaguzi wa kitaasisi ndani ya polisi, yaani ubaguzi uliojengeka katika utendaji wa taasisi yenyewe, na mwaka uliofuata Bunge likaziwekea taasisi za umma wajibu kuhusu rangi. Wajibu wa ulemavu ukaja 2006, wa jinsia 2007, kisha yote yakaunganishwa.

Kesi ya Harrow, London, inaonyesha vizuri jinsi wajibu huu unavyofanya kazi. Mwaka 2007 halmashauri hiyo iliamua kwamba huduma za matunzo kwa watu wazima zibaki kwa wenye mahitaji mazito kabisa. Madiwani walikuwa na ripoti mezani, lakini wajibu wao kwa walemavu haukuelezwa humo. Muhtasari uligusia tu kwamba huenda kukawa na mgongano na sheria ya ulemavu. Mahakama ikasema diwani mwenye shughuli nyingi hawezi kuutambua uzito wa wajibu wake kwa maneno kama hayo. Uamuzi ukatenguliwa.

Mwaka uliofuata, katika kesi kuhusu kufungwa kwa ofisi za posta, majaji waliweka misingi inayotumika hadi leo: tathmini ya athari kwa watu wenye sifa hizo ifanyike kabla ya uamuzi na wakati wa kuamua, kwa kina na kwa nia iliyo wazi, na mwenye dhamana asiikwepe kwa kumsukumia mtu mwingine. Kuandika karatasi baada ya mambo kuamuliwa hakutoshi.

Hata hivyo, sheria haiilazimishi halmashauri ifikie uamuzi fulani. Ikishapima madhara kwa dhati, inaweza bado kupunguza huduma, na hilo linawauma wengi wanaodhani wajibu huu ni kinga kamili. Kwa sababu hiyo nguvu ya mwananchi iko mapema, wakati wa maoni ya umma: omba tathmini ya athari kwa usawa, kisha eleza kwa maandishi nani ataumia na kwa namna gani, ili wasije kusema hawakujua. Ukishatolewa uamuzi, njia iliyobaki ni mapitio ya mahakama, yaani kumwomba jaji aangalie kama uamuzi ulifuata sheria, na huko England na Wales ombi hupelekwa bila kuchelewa, kwa kawaida si zaidi ya miezi 3.