Kuhesabu viwanda hakutatuambia kama WRC itaishi

Kwa mara ya nne msimu huu, nikiwa nimeinama chini ya gari katika ukaguzi wa mashindano ya taifa, nimesikia sauti nyuma yangu ikisema kwamba WRC, yaani mashindano ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rally, imekwisha, kwa kuwa viwanda vya magari vinavyoshiriki vimebaki vitatu na magari ya kanuni za 2027 yatapunguzwa nguvu. Msemaji alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia na kuniita mzee, nami sikumjibu kwa sababu foleni ya magari ilifika getini. Ninamjibu hapa, pamoja na wote waliomtangulia.

Nianze na viwanda, ambavyo havihitaji maneno mengi. Subaru na Suzuki zilijiondoa mwishoni mwa 2008, na msimu wa 2009 ulianza na viwanda viwili tu vyenye uzito, Citroën na Ford. Mashindano hayakufa. Volkswagen iliingia 2013, ikashinda kila taji hadi 2016, kisha ikaondoka ghafla. Hyundai ilirudi 2014, Toyota ikarudi 2017, na Citroën ikafunga virago mwishoni mwa 2019. Leo tuna Toyota, Hyundai na M-Sport wanaoendesha Ford. Viwanda huingia na kutoka kwa maamuzi ya wakurugenzi wanaohesabu magari yaliyouzwa, na anayepima uhai wa mashindano kwa idadi yao atatangaza msiba kila baada ya miaka michache.

Suala la nguvu ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mashabiki hunukuu namba bila kuuliza imepimwa wapi. Magari ya Rally1, daraja la juu la WRC, yalipoanza 2022 yalikuwa na injini ya turbo ya lita 1.6 pamoja na mota ya umeme ya kilowati 100. Mwaka 2025 mota iliondolewa, uzito wa chini ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na kipenyo cha ristrikta, yaani tundu ambalo hewa yote ya injini lazima ipitie, kikapunguzwa kutoka milimita 36 hadi 35. Milimita moja yaonekana si kitu, lakini eneo la tundu hupungua kwa zaidi ya asilimia 5, na injini isiyopata hewa haina namna ya kuchoma mafuta zaidi hata turbo iwe kubwa namna gani. Sasa tazama Naivasha, nchini Kenya, panapokimbiwa Safari Rally, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Tundu ni lile lile, hewa inayoingia ni nyepesi, kwa hiyo katika mizunguko ya juu injini inaweza kupoteza takribani sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Kwa hesabu yangu, gari ambalo pwani lingetoa nguvu za farasi 360 hivi, kwenye mikondo ya Safari Rally ya 2025 lilikuwa likikaribia 290. Kanuni mpya zinalenga takribani 300. Ni kweli kwamba nalo gari jipya litapungua likifika Bonde la Ufa, na sifichi hilo, ila watazamaji waliokuwa wakishangilia kwenye mikondo ya Kasarani na Sleeping Warrior walikuwa tayari wanashangilia nguvu za kiwango hicho, na sikumwona hata mmoja aliyeondoka mapema kwa kuchoshwa.

Jambo linalostahili wasiwasi wetu ni bei. Gari la kanuni za 2027 limewekewa kikomo cha euro 345,000, ilhali Rally1 hugharimu zaidi ya maradufu ya hiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu waundaji wasio viwanda vya magari wanaruhusiwa kujenga gari lao juu ya kizimba cha mabomba na kulishindania taji. Ninaunga mkono shabaha hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo, mimi ni mkaguzi, na ninajua kinachokaguliwa na kisichokaguliwa. Ristrikta ninaipima kwa geji, turbo ninaifunga kwa muhuri wa risasi, na gari ninalipandisha kwenye mizani. Mwenye kubisha namwonyesha namba. Ankara ya kiwanda sina geji ya kuipima. Kikomo hicho kinahusu gari linaponunuliwa, na hakigusi kontena la spea linaloshushwa Mombasa, siku za majaribio, wala shokomzoba zinazochakaa kwa siku moja ya mawe na fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga. Kwa Rally2, daraja lililo chini ya Rally1, kikomo cha bei kimefanya kazi kwa kiasi cha kuridhisha, na Karan Patel wetu alitwaa ubingwa wa Afrika 2022 na 2023 akiwa na Ford Fiesta ya daraja hilo. Iwapo utaratibu huo huo utahimili daraja la juu, ambako heshima ya kampuni nzima iko hatarini na wahandisi hutafuta sehemu ya sekunde kwa gharama yoyote, nina shaka ya kweli, na wenzangu wa ukaguzi wanaodai kuwa na hakika hawajanishawishi.

Kuondoka WRC kwa dereva Kalle Rovanperä, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023, akiwa na umri wa miaka 25 tu, kumeniuma kama kulivyowauma wengine. Madereva wakubwa wamewahi kuondoka. Hapo sina la kuongeza.

Kwa hiyo kijana yule akirudi, nitamwomba aifungue orodha ya washiriki, aruke majina kumi ya mwanzo yanayolipiwa na viwanda, na aanze kusoma kuanzia hapo kushuka chini. Mwaka 1965, kabla WRC haijazaliwa, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, gari la mkono wa pili. Ninataka kuona, kufikia mwisho wa 2028, kama kuna gereji ya Nairobi au Kampala iliyomudu kununua gari la daraja la juu lililotumika, na kama fundi wake anapata spea kabla ya mashindano yanayofuata.