Saruji ya Resini: Nguvu ya Kushika na Uimara wa Saruji Yenyewe

Saruji ya resini ni gundi ambayo daktari wa meno huitumia kushikiza taji, daraja au kipande cha kauri juu ya jino lililochongwa. Hutengenezwa kwa resini (plastiki ya majimaji inayoweza kuganda) za jamii ya methakrilati zilizochanganywa na chembe ndogo sana za kioo au silika, nayo huganda kwa mwanga wa buluu, kwa kemikali zilizomo ndani yake, au kwa njia zote mbili.

Vipimo vyake ni vya aina mbili, na kuvichanganya humpotosha msomaji. Uimara wa kimakanika ni sifa ya saruji peke yake: kijiti cha saruji iliyoganda huwekwa juu ya nguzo mbili na kukandamizwa katikati hadi kivunjike. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4049 kinataka saruji hii ihimili mkazo wa angalau megapaskali 50 (megapaskali ni kizio cha mkazo) katika jaribio hilo, na utando wake usizidi unene wa mikromita 50, kwani utando mnene hulizuia taji lisikae mahali pake.

Nguvu ya kushika, kwa upande wake, ni sifa ya kiungo kizima, yaani jino, saruji na taji kwa pamoja. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosfori, resini huishika vizuri zaidi. Enameli ni madini karibu yote, na asidi huichimba vitundu ambamo resini hupenya na kugandia. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ni ngumu kuishughulikia, kwa sababu ina maji na nyuzi za protini iitwayo kolajeni: ikikaushwa kupita kiasi baada ya asidi, nyuzi hizo hulala na kuifungia resini njia, ikiachwa na maji mengi, resini haigandi sawasawa.

Upande wa taji nao una masharti yake. Kauri yenye kioo hutiwa asidi ya hidrofloriki, kisha hupakwa sileni, kemikali inayounganisha kauri na resini. Zirkonia, kauri ngumu ya oksidi ya zirkoni, haina kioo cha kuliwa na asidi hiyo, kwa hiyo hupigwa kwa chembe za alumina, halafu hutumiwa kiambata chenye fosfati, kama 10-MDP, kinachoungana na oksidi zake. Ndiyo maana kuitaja saruji kuwa “yenye nguvu” bila kutaja imeshika nini ni kusema nusu ya jambo.

Muda pia una uzito wake. Sampuli iliyopimwa baada ya saa 24 inaweza kutoa namba nzuri, kisha ikashuka ikishazamishwa mara maelfu katika maji ya nyuzi 5 na 55 za Selsiasi kwa zamu. Kwa maoni yangu, namba hiyo ya pili ndiyo ya kuaminiwa zaidi, mradi mtafiti aeleze pia mpasuko ulitokea wapi. Ukiwa ndani ya dentini yenyewe, kilichopimwa ni uimara wa jino, na nguvu halisi ya kiungo bado haijajulikana.