FAFSA ni fomu, hailipi karo

FAFSA (Free Application for Federal Student Aid) ni fomu ya kuomba msaada wa masomo Marekani. Hujazwa bila malipo kwenye studentaid.gov, upya kila mwaka wa masomo, ili serikali kuu ya Marekani na chuo wajue mwanafunzi anastahili msaada gani. Fomu haitoi pesa. Hata hivyo, kila msimu wa kujiunga na vyuo unasikia kwenye jamii zetu za Waswahili huko Marekani: "Nasoma shahada ya mtandaoni, FAFSA inanilipia."

Mkanganyiko huu una asili yake. Mkenya husema amepata HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, Mtanzania husema analipiwa na Bodi ya Mikopo, na kila anayesikia anaelewa kuwa ni pesa, tena za kurudisha. Huko, kila nchi, taasisi ni moja: inapokea maombi, inapanga kiwango, inatoa fedha. Marekani kazi hizo zimegawanywa. Fomu huenda Wizara ya Elimu, wizara hukokotoa namba iitwayo SAI, namba hiyo hutumwa kwa vyuo ulivyovitaja, kisha ofisi ya misaada ya chuo ndiyo inayoandika barua ya kukueleza utapata nini. SAI nayo si dola utakazolipa wala utakazopewa. Ni kipimo kinachoanzia -1500, na kadiri kinavyokuwa chini ndivyo mahitaji yako yanavyohesabiwa kuwa makubwa.

Jina lenyewe limechangia. Herufi ya kwanza ya FAFSA ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya bure, na wengi wanalipokea kama ahadi ya elimu ya bure. Neno hilo linahusu kujaza fomu tu: hutozwi kitu kuomba, na huna haja ya kumlipa mtu akujazie. Herufi ya mwisho, ile ya msaada, ndiyo iliyowaingiza watu wengi kwenye madeni bila kujua. Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, katika sehemu yake ya nne, iliweka ruzuku (pesa usizorudisha) na mikopo ya wanafunzi pamoja, na vyote vikaitwa msaada. Mikopo ya serikali kuu ilikuwapo tangu sheria ya 1958. Ruzuku tunayoiita Pell ilikuja 1972, na mwaka 1980 ikapewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Kisheria, basi, mkopo wa dola 3,500 na ruzuku ya dola 3,500 vyote ni msaada. Kwa anayesoma, tofauti yake ni miaka ya kulipa.

Ndiyo maana barua ya chuo isomwe mstari kwa mstari, kwa sababu baadhi ya vyuo huorodhesha vyote kwenye safu moja na kuweka jumla moja chini. Pell na SEOG ni ruzuku. Chochote chenye neno Direct ni mkopo. Ule wa Subsidized, serikali hubeba riba unapokuwa masomoni kwa angalau nusu ya mzigo kamili wa masomo. Wa Unsubsidized, riba huanza siku pesa inapotolewa. PLUS ya mzazi ni deni kwa jina la mzazi, hata likiandikwa kama zawadi kwa mtoto. Work-Study ni kazi: unalipwa kadiri ya saa ulizofanya, kwa hiyo usiihesabu kama pesa iliyokwisha kulipa karo. Una haki ya kukubali ruzuku ukakataa mkopo, au ukachukua sehemu tu ya mkopo uliotajwa. Wengi hubonyeza kukubali vyote.

Kusoma mtandaoni hakukunyimi msaada, mradi chuo kina ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu na kinashiriki mpango wa misaada ya serikali kuu. Ithibati peke yake haitoshi. Uliza yote mawili. Ila mtandao hauondoi sharti la uraia na ukaazi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaomba, hata kama aliingia kama mkimbizi. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, haombi, na Mkenya aliyeko Mombasa anayesoma kwenye chuo cha Marekani kupitia kompyuta yake haombi pia. Huyo atafute ufadhili wa chuo chenyewe au wa shirika.

Wanaosoma mtandaoni huumia zaidi kwenye mambo mawili. La kwanza ni mzigo wa masomo. Kiwango cha juu cha Pell kwa 2025–26 kilikuwa dola 7,395, lakini kiwango kamili ni kwa anayesoma krediti 12 au zaidi kila muhula. Ukichukua 6 kwa sababu ya kazi, unapata nusu. Ukishuka chini ya 6 hupati mkopo wa Direct, na kama ulikwisha kukopa, ile miezi sita ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa inaanza kuhesabiwa ukiwa bado darasani. La pili ni mahudhurio. Kuingia tu kwenye mfumo wa chuo hakuhesabiki. Kinachohesabika ni kazi uliyowasilisha, jaribio ulilofanya, mjadala wa somo ulioshiriki. Ukiacha kabla ya asilimia 60 ya muhula, yaani karibu wiki ya tisa katika wiki 15, chuo hukokotoa sehemu ambayo hukuistahili na kuirudisha serikalini, kisha kinaweza kukudai wewe pengo hilo. Hapo ndipo mtu hushangaa kudaiwa na chuo alichodhani kimelipwa na FAFSA.

Kwa hiyo anayesema FAFSA inamlipia asibishiwe hadharani. Aulizwe tu: Pell au mkopo? Kama hajui, aingie kwenye akaunti ile ile aliyojazia fomu, studentaid.gov. Humo ruzuku na mikopo vimeandikwa kila kimoja peke yake, na kila mkopo una jina la kampuni atakayoilipa.