Kwa nini AC ya ndege huzimika kabla injini haijawaka?

Saa saba mchana, uwanja wa Moi, Mombasa. Mlango wa ndege umefungwa, jasho la kwenye lami halijakauka, na ndiyo kwanza umeanza kuusikia ubaridi wa kile kitundu cha hewa juu ya kiti. Mara hewa inakatika. Safari yangu ya mwisho, mama aliyekaa kando yangu alianza kujipepea kwa karatasi ya maelezo ya usalama: "Mwanangu, kwani hata hewa wanatubania?"

Hawatubanii. Hewa imekwenda kuwasha injini.

Tuktuk huwashwa kwa betri. Injini kubwa ya jeti ni nzito mno kwa betri ya ndege, kwa hiyo ndege nyingi za abiria zina injini ndogo mkiani, iitwayo APU, ndiyo ile inayovuma mkiwa mmeegesha. Hutoa umeme na hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ndiyo inayoendesha AC. Wakati wa kuwasha, hupelekwa kwenye starta: gurudumu la mapanga madogo lililofungwa kwenye injini. Likizunguka, injini nayo inazunguka.

Hapo pana subira. Mara nyingi mafuta hayaachiliwi mpaka injini ifike kama asilimia 20 au 25 ya kasi yake. Yakitangulia, moto unawaka pasipo upepo wa kutosha, na joto laweza kuyaharibu mapanga ya turbini kwa sekunde chache. Ndiyo maana jicho la rubani haliondoki kwenye kipimo cha joto.

Sasa cheche. Unalijua lile jiko la gesi la kubonyeza, linalolia ta-ta-ta? Mtindo ni ule ule, ila nguvu hazilingani kabisa. Sanduku dogo la chuma hupandisha umeme, kwa kawaida wa volti 115, hadi maelfu ya volti, huulimbikiza kwenye kapasita, kisha huufyatua kwa mkupuo hadi kwenye plagi. Injini moja huwa na plagi mbili, na cheche hupiga mara moja au mbili hivi kwa sekunde. Sanduku hilo linaweza kuua. Fundi huzima umeme kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua waya, maana kapasita hubaki na chaji.

Plagi ya tuktuk haipumziki safari nzima. Ya jeti hupumzika, kwani moto ukishashika haukatiki. Jikoni pia huendelei kubonyeza sufuria ikiwa motoni. Injini ikifika karibu nusu ya kasi, starta huachia na cheche hukatwa. Hurudishwa penye hatari ya moto kuzimika, kama kwenye mvua kubwa za Mei.

Vile vindege vya Caravan vinavyotua Ukunda havina haja ya hewa ya kukopa. Injini ni ndogo, betri inatosha, na ikishawaka starta hiyo hiyo hugeuka jenereta. Cha ajabu, Boeing 787 pamoja na ukubwa wake nayo huwashwa kwa umeme.

Yetu ilipomaliza kuwaka, AC ikarudi na ukungu mweupe ukamwagika kutoka darini. Mama akanishika mkono, akidhani ni moshi. Ulikuwa unyevu wa pwani tu, umekutana na baridi.