Wekeni Msasa Chini

Kila nyumba inapoanguka Mji Mkongwe, haupiti muda napigiwa simu: "Fundi, mlango wa nakshi tumeuokoa. Njoo uupige msasa na vanishi ung'ae." Juzi nimeambiwa tena, na safari hii naandika.

Kwanza, mlango huo mara nyingi haujaokolewa. Kilichopo uani ni mbao mbili na mfaa wake, yaani ule mti wa katikati zinapokutana. Miimo, yaani miti ya pembeni ya fremu, imekatwa kwa msumeno kwa kuwa imejengewa ndani ya ukuta, na kizingiti cha juu, ambacho ndicho chenye maandishi ya Kiarabu, kiko chini ya kifusi. Mlango wa nakshi hutolewa mzima. Ukuta unategemezwa kwa boriti kabla ya yote, kila kipande kinapigwa picha na kupewa namba, kisha chokaa inachokolewa kwa tindo, polepole. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo inaachia. Palipozibwa saruji ndipo penye kazi: jiwe la matumbawe linapasuka, saruji inabaki imeng'ang'ania mbao. Mbao zenyewe zinazunguka kwenye ekseli za mti, hazina bawaba, basi zinanyanyuliwa tu kutoka tundu la chini. Mtaimbo wa nini?

Sasa msasa. Watu wanadhani unaondoa uchafu. Unaondoa nakshi. Makali aliyoyaacha fundi kwa patasi, pale ua linapokutana na jani, ndiyo yanayotuonesha mkono wake, na msasa huyaviringa yote yakafanana. Kwenye kizingiti hasara ni kubwa zaidi. Maandishi mengi yamechongwa kwa kuinuliwa, kwa hiyo kinachokwanguliwa mwanzo ni vile vinundu vidogo, yaani nukta. Ondoa nukta, nawe hujui tena herufi ipi ni ba na ipi ni ta. Sifuri ya Kiarabu nayo ni nukta. Mlango wenye mwaka 1300 Hijria, ambao ni kati ya 1882 na 1883, wakati Sultani Sayyid Barghash anajenga Beit al-Ajaib, ukipigwa msasa barabara utasomeka 13. Mwaka wa nyumba umekwenda na vumbi, na nyumba yenyewe haipo tena ya kuulizwa.

Vanishi nitaisema kwa ufupi. Mlango ukiwa wa msaji, yaani mtiki, mti huo una mafuta yake, vanishi haiushiki vizuri. Jua na hewa ya bahari huibandua, maji hupenya chini yake yakakaa, na mwenye mlango hurudi kwenye msasa. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Misumari ya chuma iliyooza itolewe, kwa sababu kutu hufura na kuupasua mti. Na ile hadithi ya kuwa njumu, zile nundu za shaba mlangoni, ni za kuzuia tembo, Unguja ni pambo tu.

Penye kunitia shaka ni pengo. Kanuni tuliyofundishwa inasema kipande kipya kisijifanye cha zamani: tia mti wa aina ile ile, uache wazi, atakayekuja ajue. Kwenye nakshi ya ua au ya mnyororo nakubali bila tabu. Lakini kizingiti kikivunjika katikati ya aya? Mwenye nyumba Muislamu hawezi kupita kila siku chini ya aya iliyokatika, na mimi siwezi kumwambia avumilie kwa ajili ya kanuni. Nimewahi kuchonga maneno yaliyopotea, na nimewahi kuacha wazi. Nikichonga, nahofu kwamba mjukuu wake atausoma mkono wangu akidhani ni wa fundi wa kwanza. Siku hizi nachonga, kisha nyuma ya kipande, upande wa ukutani, naandika mwaka na kilichoongezwa. Bado sijaridhika, maana upande huo hauonekani mpaka ukuta uanguke tena.

Basi nyumba ikianguka, toeni taarifa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla gari la kifusi halijaitwa. Na kifusi chenyewe kichambueni kwa mikono, hasa kilicho chini ya mlango. Vipande vya kizingiti huangukia hapo.