Kilomita 5,000 za foleni

Mteja akileta gari gereji kumwaga oili, kabla sijaangalia dashibodi namuuliza anaishi wapi, anafanyia kazi wapi, na asubuhi anatoka saa ngapi. Wengine hucheka: "Fundi, unataka kuoa kwetu?" Lakini majibu yake ndiyo yananiambia hali ya oili yake kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye stika.

Chukua watu wawili wenye Toyota IST, injini ileile ya 1NZ. Mmoja anatoka Kimara kwenda Posta kila siku na foleni yake. Mwingine kila wiki yuko barabarani kwenda na kurudi Dodoma. Wote wamebandikiwa stika inayosema warudi baada ya kilomita 5,000. Wa Kimara, tuseme mwendo wake wa wastani ni kilomita 15 kwa saa. Mpaka azifikishe hizo 5,000, injini yake imeunguruma saa 333 hivi. Wa Dodoma anayekwenda wastani wa 60 kwa saa, yake imefanya kazi saa 83. Stika moja, kazi mara nne. Na yule wa foleni ndiye anayeniambia, "Fundi, gari langu halitembei sana."

Sasa kwa nini saa hizo zinaiua oili? Watu wanajua oili inalainisha, basi. Lakini hiyohiyo inapoza pistoni mahali maji ya rejeta hayafiki, inaziba upenyo kati ya ringi na silinda, inabeba masizi ili yasigande, na inatuliza asidi zinazozaliwa na moto wa mafuta. Kazi hizo mbili za mwisho zinafanywa na dawa zilizochanganywa kiwandani, na dawa hizo huisha. Oili yenyewe inaweza kubaki kiasi kilekile kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, huku dawa zimekwisha kitambo.

Halafu kuna maji. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji kama mvuke. Mengi hutoka na moshi, ndiyo maana asubuhi unaona ekzosi inadondosha matone. Kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Ukiendesha mwendo mrefu oili hupata moto wa kutosha, mvuke huo hutoka na kurudishwa kuunguzwa. Ukimpeleka mtoto shule mtaa wa pili, ukazima, ukarudi saa nane kumchukua, oili haikupata moto hata mara moja. Fungua kifuniko cha kujazia oili cha gari la namna hiyo utakuta utando wa rangi ya maziwa upande wa ndani. Ukiwa kwenye kifuniko tu, ni mvuke wa safari fupi. Ukikuta oili nzima kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa, hapo maji ya rejeta yameingia, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi, na gari lisiwashwe tena.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Toyota nchini Japani, kwa magari mengi ya petroli yasiyo na tabo, huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Wateja hunionyesha namba hiyo kwenye simu kama ushahidi. Wasichosoma ni mstari wa chini yake: kwa matumizi magumu, nusu yake, yaani 7,500 au miezi sita. Yenye tabo ni 5,000, na kwenye ugumu 2,500. Na ugumu wameueleza: vumbi na barabara mbovu, milima, safari fupi za kujirudia, kukaa sailensa muda mrefu (injini inawaka, gari limesimama), mwendo wa chini ya kilomita 30 kwa saa. Nionyeshe gari la Dar ambalo halimo humo.

Kwa hiyo mimi, kwa gari la petroli la mjini lenye oili nzuri ya sinthetiki, nasema 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Foleni ya kila siku, 4,000. Wa Dodoma namwachia mpaka 7,500 bila wasiwasi. Hao wanaobandika 3,000 kwa kila gari hawakuui, wanakula hela yako tu, isipokuwa kama walikutilia oili ya bei ya chini kabisa. Hapo wako sahihi.

Unene wa oili nao una ugomvi wake. "Hapa kwetu joto, tia 20W-50." Nimelisikia hili tangu nikiwa kijana wa kushika spana. Namba ya pili, ile 30 au 50, inaeleza unene wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, na joto la injini linasimamiwa na thamostati, si jua la Mbagala. Injini iliyoundwa kwa 5W-30 ina vijia vyembamba. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kupanga muda wa vali kufunguka, inazungusha gia ya kamshafti kwa presha ya oili, na kibana cha cheni ya taimingi nacho kinasukumwa na oili hiyohiyo. Ukiiwekea nzito, asubuhi ukiwasha unasikia cheni inalia sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu. Injini iliyochoka inayokula oili, sawa, panda mpaka 10W-40. Zaidi ya hapo unaficha ugonjwa. Watu wa Njombe na Makete, mwezi wa saba, ndio wanaoielewa vizuri ile namba ya kwanza, yenye W, inayoeleza oili ikiwa baridi.

(Bodaboda usiichanganye na haya. Klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo tafuta kopo lenye maandishi JASO MA. Oili ya gari dogo inaweza kuifanya iteleze.)

Rangi isikutishe. Oili kuwa nyeusi maana yake inabeba uchafu, ndiyo kazi yake. Ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache. Ninachoogopa zaidi ya oili nyeusi ni oili pungufu. Injini nyingi zilizonoki nilizofungua hazikufa kwa oili kuzeeka, zilifia kwenye sampu iliyobaki na lita moja na nusu. Gari lisimame sehemu tambarare, injini iwe ya moto, zima, subiri dakika tano. Chomoa kijiti, futa, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena usome kati ya alama mbili. Fanya hivyo kila Jumapili. Usiisubiri taa nyekundu ya oili: hiyo inapima presha, na ikiwaka ukiwa unatembea, paki na uzime palepale, hata kama ni katikati ya daraja la Tanzanite.

Kuzidisha nako ni kosa. 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadili na filta. Kidumu kina lita 4, na vijana wengi hukimimina chote "ili isipotee". Ikizidi sana, krenki huichapa oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Kinachobaki weka kwenye buti, ndicho cha kuongezea. Filta ibadilishwe kila mara, na washa ya nati ya sampu pia; inauzwa hela ndogo kuliko soda na ndiyo inayozuia yale matone unayoyaona chini ya gari.

Ukimaliza, toboa kidumu kabla hujakitupa. Vidumu vizima vyenye nembo ya kampuni kubwa vina soko lake, na vinarudi dukani vikiwa na kitu kingine ndani. Kagua mfuniko unaponunua: pete ya plastiki iwe haijakatika, na foili chini yake iwe imeshika mdomo wote.

Gari lililoshuka bandarini leo, mwaga oili leo. Mara nyingi utakuta stika ya Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, ina tarehe na kilomita za kubadili mara ya mwisho. Mwaka ukisomeka 5 usidhani ni kosa la chapa. Ni mwaka wa tano wa Reiwa, enzi ya mfalme wa sasa wa Japani, yaani 2023. Hata kama kilomita zimepishana mia mbili tu, oili hiyo imekaa yadi, imekaa melini, imewashwa na kuzimwa kwa dakika mbili mbili kila ilipohamishwa. Nikiimwaga huwa naipitisha kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la chuma linalong'aa ni habari ya beringi, na ni heri uipate wakati bado unazungumza na aliyekuuzia.